Kabla ya Kufuta: Namna Picha Zinavyohama kutoka Kompyuta hadi Hifadhi ya Wingu

Mtu anapoamua kuhamisha picha zake kutoka kwenye kompyuta hadi hifadhi ya wingu, yaani kwenye seva (kompyuta) za kampuni zinazofikiwa kwa intaneti, wasiwasi wake wa kwanza huwa ni mtandao: je, intaneti ikipotea katikati ya kazi itakuwaje? Jibu ni kwamba haitakuwa kitu. Intaneti ikipotea, picha bado zipo kwenye kompyuta, na kazi itaendelea itakaporudi. Hatari yenyewe huja baadaye, siku ambayo mwenye picha ameridhika kwamba kazi imekwisha, akafungua folda ya picha, akachagua kila kilichomo na kufuta ili apate nafasi. Kitakachotokea baada ya hapo kinategemea swali ambalo wengi hawakulifikiria walipoanza, yaani kama picha zile zilikuwa zimepakiwa au zilikuwa zimesawazishwa.

Kupakia ni kutuma nakala. Faili husomwa kutoka kwenye diski ya kompyuta, husafirishwa kwa intaneti hadi kwenye seva za kampuni inayotoa huduma, na huko huandikwa upya kama nakala inayojitegemea. Nakala iliyobaki nyumbani na ile iliyo kwenye seva hazina uhusiano tena, na ukifuta moja nyingine haiguswi. Kusawazisha, kwa upande wake, ni mpango wa kudumu baina ya folda ya kompyuta na folda ya seva, kwamba lolote litakalotendeka upande mmoja litendeke na upande wa pili. Folda hizo mbili ni kama mtu na kioo chake, na kioo hakiwezi kubaki na sura ya mtu aliyekwisha kuondoka. Ukiongeza picha huku, inaongezeka kule; ukibadilisha jina la folda, jina linabadilika pande zote; na ukifuta, picha inafutwa kwenye seva, kwenye simu na kwenye kompyuta nyingine yoyote iliyofunguliwa akaunti hiyo hiyo.

Mkanganyiko hutokea kwa sababu kampuni moja mara nyingi hutoa huduma zote mbili, wakati mwingine ndani ya programu moja, na majina wanayozipa hayasaidii. Mfano ulio karibu zaidi ni OneDrive ya Microsoft. Kompyuta nyingi zinazouzwa Luthuli Avenue na Moi Avenue jijini Nairobi, ziwe mpya au zilizotumika ng'ambo, huwa na Windows 10 au Windows 11, na OneDrive huja pamoja nazo. Wakati wa kuiandaa kompyuta kwa mara ya kwanza, mnunuzi huombwa aweke akaunti ya Microsoft, kisha anapitishwa kwenye kurasa kadhaa ambazo wengi wetu hubonyeza kitufe cha kuendelea bila kuzisoma. Katika mojawapo ya kurasa hizo, folda za eneo-kazi, nyaraka na picha zinaweza kuwekwa chini ya OneDrive. Microsoft huuita mpango huo uhifadhi wa nakala, jina ambalo kwa maoni yangu linapotosha, kwa kuwa kinachofanyika ni kusawazisha. Folda ya picha huacha kuwa folda ya kawaida, na anayefuta picha humo anaifuta pia kwenye wingu.

Kuna njia rahisi ya kujua hali ilivyo kwenye kompyuta yako. Fungua folda ya picha, kisha bonyeza kwenye sehemu ya anwani iliyo juu ya dirisha ili uone njia yote ya folda hiyo. Ukiona neno OneDrive likitangulia jina la folda ya picha, basi folda hiyo inasawazishwa. Alama ndogo zilizo kando ya kila faili nazo zina maana. Wingu la rangi ya buluu huonyesha kwamba faili iko kwenye seva peke yake, na kwamba unachokiona kwenye kompyuta ni jina lake na kijipicha tu. Ukijaribu kuifungua bila intaneti, haifunguki. Duara jeupe lenye alama ya vema ya kijani huonyesha kwamba faili imeshushwa na ipo pia kwenye diski, lakini mfumo unaweza kuiondoa baadaye nafasi ikipungua. Duara lililojaa kijani lenye alama ya vema nyeupe ni la faili ambayo wewe mwenyewe umeamuru isiondoke kwenye kompyuta hiyo.

Mtu anayezielewa alama hizo hana haja ya kufuta chochote ili apate nafasi. Akibonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya folda na kuchagua amri ya kuachilia nafasi, picha zitabaki kwenye seva, diski itapumua, na kando ya kila faili patatokea wingu la buluu. Tofauti kati ya amri hiyo na amri ya kufuta ni mistari michache tu kwenye orodha ile ile, lakini matokeo yake hayafanani hata kidogo. Aliyefuta kwa bahati mbaya bado ana muda, kwani OneDrive ya mtu binafsi huweka vilivyofutwa kwenye pipa la taka kwa siku 30 kabla ya kuviondoa kabisa. Taabu ni kwamba watu wengi hugundua pengo kwenye picha zao miezi mingi baadaye, mara nyingi siku wanapotafuta picha ya marehemu ya kuweka kwenye kijitabu cha mazishi.

Google nayo ina milango miwili, na hapa ndipo watu wengi jijini hupotea, kwa kuwa karibu kila mwenye simu ya Android tayari ana akaunti ya Google. Mlango wa kwanza ni Google Drive, ambayo ni hifadhi ya faili za aina zote na hulinda mpangilio wa folda kama ulivyokuwa kwenye kompyuta. Mlango wa pili ni Google Photos, ambayo hupokea picha na video peke yake na kuzipanga kwa tarehe. Hadi Julai 2019 huduma hizo mbili ziliunganishwa, kiasi kwamba picha iliyowekwa kwenye moja ingeweza kuonekana kwenye nyingine. Tangu wakati huo zimetenganishwa, ingawa nafasi zinazotumia ni moja. Programu ya Drive ya kompyuta imekuwa ikimwuliza mtumiaji, kwa kila folda anayoiongeza, kama anataka isawazishwe na Drive au ipelekwe Google Photos. Anayechagua yote mawili kwa kudhani kwamba anajikinga maradufu hupakia kila picha mara mbili, hutumia intaneti mara mbili, na hukatwa nafasi mara mbili katika akaunti ile ile, ambayo ikipotea itapotea na nakala zote mbili.

Chaguo kati ya milango hiyo linategemea namna unavyotafuta picha zako. Kama wewe hukumbuka kwamba picha za harusi ya dada yako zimo ndani ya folda iliyoandikwa jina lake, chini ya folda ya mwaka fulani, basi Google Photos itakusumbua, kwa sababu folda hizo haizitambui: itazimwaga picha zote kwenye mfululizo mmoja wa tarehe na kukuachia kazi ya kuunda albamu upya. Kama hukuwahi kuzipanga, na kila kitu kimelundikana kwenye folda moja tangu ununue kompyuta, basi mfululizo wa tarehe pamoja na uwezo wa kutafuta kwa sura ya mtu au kwa jina la mahali vitakufaa kuliko folda. Kwa mpiga picha anayelipwa kwa kazi yake, ningependekeza hifadhi inayolinda folda, iwe ni Drive, OneDrive au Dropbox. Wenye iPhone wana iCloud, ambayo ina programu yake ya Windows, na ambayo nayo husawazisha: picha inayofutwa kwenye iCloud hutoweka kwenye simu pia.

Nafasi ya bure haitoshi kwa mtu mwenye picha za miaka mingi, na ni vyema kulikubali hilo mapema. Google hutoa gigabaiti 15, ambazo zinagawanywa kati ya Gmail, Drive na Photos. Microsoft na Apple hutoa gigabaiti 5 kila moja. Dropbox hutoa 2. Picha ya simu ya megapikseli 12 kwa kawaida huwa na ukubwa wa kati ya megabaiti 3 na 5, kwa hiyo gigabaiti 15 zikiwa tupu kabisa, bila hata barua pepe moja, zingebeba picha kati ya 3,000 na 5,000 hivi. Ule wakati ambapo Google Photos ilipokea picha bila kikomo ulikoma tarehe 1 Juni 2021. Athari ambayo watu huiona wakiwa wamechelewa ni kwamba, kwa vile nafasi ni moja, picha zikiijaza, Gmail huacha kupokea barua. Mtu anaweza kupakia picha zake wikendi, na Jumatatu akakosa barua ya mwajiri au ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, bila kujua kwa nini.

Ili kupunguza matumizi ya nafasi, Google Photos hutoa uamuzi mwingine wa kufanya mapema: kuhifadhi picha kwa ubora wake halisi au kuzibana. Zikibanwa, picha yoyote inayozidi megapikseli 16 hupunguzwa hadi kipimo hicho, na video hushushwa hadi kiwango cha 1080p. Kwa picha za kutazamwa kwenye simu au kuchapishwa kwa ukubwa wa kawaida wa albamu, jicho halitaona tofauti, na sioni sababu ya mtu kujinyima nafuu hiyo. Kwa picha za kazi, na kwa video ambayo haiwezi kupigwa tena, kubana ni hasara isiyorudishika, kwa kuwa huduma haitunzi nakala halisi pembeni. Uamuzi huu usiachiwe programu ifanye yenyewe.

Sasa turudi kwenye mtandao, ambao hauharibu picha lakini huharibu subira. Vifurushi vya intaneti ya nyumbani hutangazwa kwa megabiti kwa sekunde, ilhali ukubwa wa faili hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ina biti 8. Kwa hiyo mtandao wa megabiti 10 kwa sekunde husafirisha megabaiti 1.25 tu kila sekunde, tena katika hali nzuri kabisa, pasipo mtu mwingine nyumbani anayetazama filamu. Zaidi ya hayo, kasi inayotangazwa aghalabu ni ya kupakua, na kasi ya kupakia inaweza kuwa chini yake sana, hasa kwenye mitandao ya simu. Pima kasi ya kupakia kwanza, kisha upige hesabu. Chukua mtu mwenye picha 20,000 zenye wastani wa megabaiti 4, ambazo jumla yake ni gigabaiti 80. Kwa kasi ya kupakia ya megabiti 10 kwa sekunde, atahitaji takriban saa 18. Kwa megabiti 5, karibu saa 36. Kwa megabiti 2, ambayo si ajabu kwa mtu anayetumia simu kama kituo cha mtandao, saa 89, yaani karibu siku nne bila kusimama. Haya ni makadirio ya chini kabisa, na halisi huwa ni zaidi.

Hesabu hiyo pia inaeleza jambo ambalo huwashangaza wengi: mtu anatazama video bila kukwama hata mara moja, kisha anaona picha zake zikijikokota kana kwamba mtandao si ule ule. Video zinazotazamwa na watu wengi huwekwa kwenye seva zilizo karibu na watazamaji, na safari yake ni fupi. Picha zako hakuna aliyekwisha kuzipeleka popote; ni lazima zisafiri zenyewe hadi kwenye vituo vya data vya kampuni, ambavyo kwa huduma nyingi haviko Kenya, na kwa kiasi kikubwa hupitia nyaya za chini ya bahari zinazotua Mombasa, kama vile TEAMS na SEACOM zilizoanza kazi 2009, na EASSy iliyofuata 2010. Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika kwa wakati mmoja, intaneti ilidorora kote Afrika Mashariki. Siku kama hiyo si siku ya kuanza kupakia gigabaiti 80.

Anayetumia bando la simu anapaswa kujua kwamba kupakia hula bando sawasawa na kupakua. Kwenye mipangilio ya mtandao ya Windows kuna mahali pa kuonyesha kwamba mtandao fulani ni wa kulipia kwa kipimo, na ukionyesha hivyo OneDrive husimama yenyewe kila unapounganishwa nao. Mwenye faiba nyumbani ana jambo jingine la kuangalia: stima. Kompyuta ndogo ina betri yake, lakini ruta haina, na stima ikipotea hata kwa dakika moja upakiaji hukatika. Vifaa vidogo vya betri vinavyotengenezwa kwa ajili ya ruta vinauzwa katikati ya jiji na vinafaa. Jambo la maana zaidi ni kuchagua njia inayoweza kuendelea ilipokomea. Programu iliyosakinishwa kwenye kompyuta huweka kumbukumbu ya faili zilizokwisha kufika na kuendelea na zilizobaki, ilhali anayeburuta maelfu ya picha hadi kwenye ukurasa wa kivinjari huenda asijue ni zipi zilizofika ukurasa ukifungika. Kivinjari kinafaa kwa folda moja au mbili. Kwa picha za miaka kumi, tumia programu. Kisha ingia kwenye mipangilio ya umeme ya kompyuta na uizuie isilale, maana kompyuta iliyolala haipakii chochote, hata kama ruta inawaka usiku kucha.

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kuanza, kuna kazi ya mikono ambayo hakuna programu itakayokufanyia vizuri, nayo ni kutengeneza tarehe na kuondoa marudio. Kila picha inayopigwa kwa kamera au simu hubeba ndani yake maelezo yasiyoonekana kwenye picha yenyewe: tarehe na saa iliyopigwa, aina ya kamera, na mara nyingi mahali palipopigwa. Hifadhi ya wingu hupanga picha kwa kufuata maelezo hayo. Picha zilizopitia WhatsApp huwa zimebanwa na kupoteza maelezo hayo, na jina la faili, kwa mfano IMG-20190312-WA0007, hubeba tarehe ambayo picha ilifika kwenye simu, si tarehe iliyopigwa. Picha za karatasi zilizoskaniwa ni tatizo kubwa zaidi. Picha ya babu iliyopigwa studio ya River Road mwaka wa 1978 na kuskaniwa 2022 itajipanga katikati ya picha za 2022, baina ya chakula cha mchana na risiti za M-Pesa. Kwenye Windows unaweza kuchagua picha nyingi kwa pamoja, ukafungua sifa zake, ukaingia sehemu ya maelezo na kuandika tarehe sahihi ya kupigwa. Irekebishe tarehe hapo, kabla ya kupakia, ili mabadiliko yaandikwe ndani ya faili yenyewe na kusafiri nayo popote itakapokwenda. Ukiirekebisha baadaye ndani ya Google Photos, marekebisho hubaki kwenye kumbukumbu za Google na hayaingii kwenye faili.

Kuhusu marudio, tahadhari moja inatosha. Kamera nyingi huhesabu picha kwa tarakimu nne, kuanzia 0001 hadi 9999, kisha huanza tena mwanzo. Na mwenye kamera mbili, au aliyewahi kurudisha hesabu, atapata majina yanayojirudia mapema zaidi. Kwa hiyo IMG_0457 ya harusi ya 2015 na IMG_0457 ya mahafali ya 2018 ni picha mbili tofauti zenye jina moja. Zikiwa kwenye folda mbili hakuna tatizo. Mtu anapoamua kukusanya kila kitu kwenye folda moja ili kurahisisha upakiaji, Windows humwuliza kama faili mpya ichukue nafasi ya ile ya zamani, na aliyechoka kujibu maswali hujibu ndiyo kwa zote. Kwa jibu hilo picha za harusi zinafutwa, wala haziendi kwenye pipa la taka. Acha folda zilivyo.

Kazi ikimalizika, thibitisha. Alama ya programu kwamba kila kitu kimefika ni mwanzo mzuri, lakini uthibitisho unapaswa kufanywa mahali ambapo faili za kompyuta haziwezi kukudanganya, yaani kwenye kifaa kingine. Fungua akaunti yako kupitia simu, ukizima Wi-Fi ukipenda, na upitie mwaka baada ya mwaka. Fungua picha kadhaa za kila mwaka hadi zionekane kwa ukubwa wote, si vijipicha tu. Kisha cheza video hadi mwisho, kwa kuwa video, kutokana na ukubwa wake, ndizo zinazoshindwa kufika mara nyingi zaidi. Baada ya hapo pakua picha moja kutoka kwenye wingu na uilinganishe na ile ya kwenye kompyuta kwa idadi ya baiti, ambayo huonyeshwa kwenye sifa za faili. Idadi ikitofautiana, huduma imeibana picha yako, hata kama ulidhani umechagua ubora halisi. Anayetaka uhakika kamili anaweza kutumia amri ya certutil, iliyomo ndani ya Windows, kupata alama ya SHA256 ya kila faili, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani ya faili. Alama mbili zikifanana, faili hizo zinalingana hadi biti ya mwisho. Mwisho kabisa, ikiwa ni hifadhi inayolinda folda, linganisha idadi ya faili kwenye kila folda kubwa.

Hata baada ya uthibitisho huo, mimi singefuta. Wapiga picha wana kanuni ya nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja kati ya hizo ikae mbali na nyumbani. Wingu ni hiyo nakala ya mbali. Nakala ya pili inaweza kuwa diski ya nje, iliyonunuliwa kwa muuzaji anayetoa risiti na dhamana, kwa sababu zipo flashi na diski bandia zinazojitangaza kuwa na terabaiti 1 au 2 ilhali uwezo wao ni sehemu ndogo tu ya hiyo: zinapokea faili, zinaonyesha majina yake, na siku ya kuzifungua hakuna kitu. Picha zikibaki kwenye kompyuta, na nyingine zikiwa kwenye diski ya nje na kwenye wingu, nakala tatu zimetimia.

Kulinda akaunti ni sehemu ya kazi hii, kwa kuwa sasa picha zote za familia ziko nyuma ya nenosiri moja. Uthibitishaji wa hatua mbili uwashwe, lakini usitegemee ujumbe mfupi wa simu peke yake. Matapeli wanaobadilisha laini za watu bila ridhaa yao wanajulikana vyema nchini, na anayeiba laini hupokea pia namba za siri zinazotumwa kwayo. Programu ya kuthibitisha iliyo ndani ya simu ni bora, pamoja na namba za dharura zilizochapishwa kwenye karatasi na kuwekwa pamoja na hati za nyumba. Kwenye saiba usifungue akaunti yenye picha zako zote. Ikibidi kupakia huko, fungua akaunti nyingine ya muda na uhamishe baadaye.

Malipo nayo yaangaliwe. Usajili wa hifadhi hukatwa kila mwezi au kila mwaka, na tangu 2022 hata asiye na kadi ya benki anaweza kulipia huduma za nje kwa kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay, mradi pesa ziwepo siku ya kukatwa. Malipo yakikosa kupita, picha hazifutwi papo hapo, ila akaunti huacha kupokea mpya. Kwa Google, akaunti iliyozidi kiwango chake kwa miaka miwili inaweza kufutiwa vilivyomo. Akaunti isiyotumiwa kabisa kwa miaka miwili nayo iko hatarini, chini ya sera iliyotangazwa Mei 2023 na kuanza kutekelezwa Desemba mwaka huo. Kwa hiyo wazazi waliofunguliwa akaunti na watoto wao wakumbushwe kuingia mara kwa mara. Google pia humruhusu mwenye akaunti kumtaja mtu atakayepewa vilivyomo iwapo akaunti itanyamaza kwa muda aliouweka mwenyewe, jambo ambalo familia chache hulifikiria hadi msiba utokee.

Kwa anayehifadhi picha za watu wengine, iwe ni mpiga picha wa harusi, shule au kanisa, kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haimgusi mtu anayetunza picha za nyumbani kwake kwa matumizi yake binafsi, lakini inamgusa anayezishughulikia picha za wateja, na inaweka masharti kuhusu kupeleka data nje ya nchi. Kosa la kawaida hapa ni kushiriki folda nzima kwa kiungo kinachomfungulia yeyote aliye nacho, kisha kiungo hicho kikatupwa kwenye kundi la WhatsApp lenye watu 200. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Ni salama zaidi kushiriki kwa anwani za barua pepe, na kuondoa ruhusa hiyo mteja anapokwisha kuchukua picha zake.

Limebaki suala la kutoka. Huduma hubadilika: Picasa, ambayo Wakenya wengi waliitumia kupanga picha kwenye kompyuta, ilisimamishwa na Google 2016. Anayetaka kutoa nakala ya picha zake zote kutoka Google Photos hutumia Google Takeout, ambayo hufungasha kila kitu ndani ya faili za zip na kutuma kiungo cha kuzipakua. Ndani yake, tarehe na maelezo uliyoyaongeza ukiwa Google huja katika faili ndogo za maandishi za JSON zilizo kando ya picha, na programu nyingi za picha hazizisomi. Aliyerekebisha tarehe kwenye kompyuta kabla ya kupakia, na aliyebaki na folda zake za awali kwenye diski ya nje, hatalazimika hata kuzifungua faili hizo.